Risasi ya wapiti haimtoshi pofu

Ndugu Mhariri,

Makala ya uwindaji iliyotoka hivi karibuni katika gazeti lako iliwashauri wenye leseni wa Kanda ya Ziwa wanunue risasi nyepesi zenye kasi kubwa, kwa sababu ndizo zinazosifiwa Marekani kwa kumuwinda elk, mnyama mkubwa wa porini huko, ambaye pia huitwa wapiti. Ikatajwa greni 150 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa bunduki ya .30-06, hata kwa pofu, swala wetu mkubwa kuliko wote. Hapo ndipo naomba nafasi ya kufafanua, kwa kuwa msimu ukifunguliwa kuna watu watakaokata ukurasa ule na kwenda nao dukani.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Wapiti dume wa milima ya Rocky ana uzito wa kilo 300 hadi 350 hivi. Ukimtafutia wa kulingana naye huku kwetu, utawapata korongo (yule swala, si ndege), kuro dume na nyumbu dume, ambao ni wepesi kidogo kuliko yeye. Pofu ni habari nyingine kabisa. Dume mkubwa anaweza kufika kilo 900, na nyati dume huwa kati ya kilo 600 na 800. Kwa hiyo mwenye leseni ya nyumbu anaweza kuuchukua ushauri wa wapiti karibu wote na asiharibikiwe. Mwenye leseni ya pofu akiuchukua, anakwenda porini na kitu kilichotengenezwa kwa mwili wa theluthi moja tu ya ule atakaoukuta.

Tofauti ya pili ni umbali, na nadhani hii ndiyo inayowaponza wengi. Mwindaji wa Marekani mara nyingi humwona wapiti ng'ambo ya bonde, mita 300 au 400. Watengenezaji wakamtengenezea kichwa chembamba cha mbele, chenye ncha ya plastiki na koti laini la shaba, ili kifunguke hata kasi ikiwa imeshapungua. (Nikisema kichwa nakusudia kipande kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama.) Katika miombo na vichaka vya upande wetu, mnyama hupigwa akiwa mita 50 hadi 120. Kichwa cha greni 180 kinachotoka kwenye .300 Winchester Magnum kwa mita 900 kwa sekunde, kikifika mita 60 kasi yake bado iko karibu na mita 860. Koti lile jembamba likikutana na mfupa wa bega kwa kasi hiyo, linapasuka palepale. Kidonda kinakuwa kipana kama sahani, lakini hakina kina. Pofu anashtuka, anakimbia, na mapafu yake hayajaguswa.

Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe la kasi. Liwe: kichwa hiki kimeundwaje?

Cha kawaida, ambacho ndicho cha bei nafuu, ni koti la shaba lililojazwa madini ya risasi, ncha yake ikiwa wazi. Kwa swala, tohe, ngiri, hata kongoni, kinafaa sana, mradi kasi isizidishwe. Udhaifu wake ni kwamba koti na kiini havikushikamana. Vikigonga mfupa mkubwa vinaachana, na kila kimoja kinakwenda njia yake.

Kuna cha pili ambacho kiini kimegandishwa na koti, hivyo hakiachani nalo kirahisi. Hicho hubaki na sehemu kubwa ya uzito wake baada ya kupenya. Cha tatu kina ukuta wa shaba katikati unaotenganisha chumba cha mbele na cha nyuma: cha mbele kinafunguka, cha nyuma kinaendelea kusukuma. Mbuni wake, John Nosler, aliwaza muundo huo baada ya safari ya kuwinda Canada mwaka 1946, ambako vichwa vyake vilivunjikia kwenye bega la mnyama mkubwa aliyejipaka tope, na mwaka 1948 akaanza kuviuza. Mtu anayewinda nyati waliotoka kugaagaa kwenye matope aikumbuke habari hiyo, kwa sababu tope lililokauka juu ya ngozi ni kama mnyama ameongezewa ngozi ya pili.

Cha nne ni shaba tupu, bila madini ya risasi ndani, chenye tundu mbele. Kikifunguka kinatoa mabawa manne au zaidi na karibu uzito wote unabaki. Kina masharti yake. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi. Bunduki ambayo mifuo yake, yaani michirizi ya ndani ya mtutu, inazunguka polepole haiwezi kukitulizia mwendo, na karatasi ya shabaha itaonyesha matundu yaliyolala ubavu. Bunduki nyingi za .30-06 zina mifuo inayozunguka mara moja kila inchi 10, nazo hazina tatizo. Baadhi ya .308 huzunguka mara moja kila inchi 12, na hizo zipimwe kwanza kabla mtu hajanunua boksi la pili. Aidha, vingi vya aina hii havifunguki vizuri kasi ikishuka chini ya mita 550 au 600 kwa sekunde. Mtengenezaji huandika kiwango chake, asomwe. Kwa mita zetu 100 hilo si tatizo.

Sasa uzito. Kuna hesabu ndogo ambayo kila mwindaji anaweza kuifanya kwa simu yake. Chukua uzito wa kichwa kwa greni, gawa kwa 7,000 upate pauni, kisha gawa kwa kipenyo cha inchi kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiwa kubwa, kichwa kina uzito mwingi nyuma ya uso mdogo, na kina nguvu zaidi ya kupenya. Greni 150 katika kipenyo cha .308, zile za makala yenu, zinatoa 0.226. Greni 180 zinatoa 0.271, na 220 zinatoa 0.331. Kichwa cha greni 286 cha 9.3x62, ambacho kipenyo chake ni inchi .366, kinatoa 0.305, sawasawa na greni 300 za .375. Hesabu hii inahusu kichwa kikiwa bado kizima. Kikishafunguka, muundo ndio unaoamua, na ndiyo sababu shaba tupu ya greni 165 mara nyingi hupenya zaidi ya greni 180 za koti la kawaida.

Kwa nyumbu na korongo, ningependekeza .308 au .30-06 yenye greni 165 hadi 180, kiini kikiwa kimegandishwa, au shaba tupu ya 150 hadi 168. Kwa pofu, .30-06 iko ukingoni. Inawezekana kwa greni 180 zenye ukuta wa kati, 200 zilizogandishwa, au shaba tupu ya 165 hadi 180, mnyama akiwa ametulia ubavu na mpigaji akiwa na uhakika wa mkono wake. Anayetaka nafasi ya kupumua achukue 9.3x62. Ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya bunduki za Mauser, wakati huku kwetu tukiwa chini ya Wajerumani, na hadi leo sioni iliyoipita kwa pofu wa porini mwetu: greni 286 kwa mita 720 kwa sekunde, kasi ya wastani isiyopasua kichwa wala nyama. .375 H&H ya mwaka 1912 nayo inafaa, greni 270 au 300. Kwa nyati, .375 ndiyo ndogo kabisa inayokubalika Tanzania, na greni 300 zilizogandishwa ndizo za kuanzia.

Bunduki kubwa nayo ina gharama. Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua .375 ana hatari zaidi kuliko anayeidhibiti 9.3x62. Mazoezi ya kufyatua kwa risasi za plastiki zisizo na baruti, nyumbani, baada ya kukagua chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) mara mbili, yanaonyesha tatizo hilo mapema: kama mstari wa darubini unaruka wakati kifyatuo kinaposhuka, kosa liko kidoleni wala si kwenye boksi la risasi.

Kwa nini nasisitiza kupenya namna hii? Moyo wa pofu umekaa chini, katika theluthi ya chini ya kifua, nyuma ya mfupa wa mguu wa mbele. Akisimama ubavu kabisa, njia ni fupi. Lakini mara nyingi huwa amegeuka kidogo, kiuno kikiwa karibu nawe na uso wake ukiwa mbali. Hapo kichwa cha risasi kinapaswa kupita kwenye pembe ya tumbo kabla ya kuyafikia mapafu, na tumbo la mnyama huyu limejaa majani yaliyotafunwa na maji, kitu kizito kinachopunguza mwendo haraka kuliko nyama. Kichwa laini huishia humo. Kesho yake nyama yote ya kiunoni inanuka.

Kuna njia rahisi ya kujipimia bila kumtegemea muuzaji, nayo inafaa kwa wasomaji wa gazeti. Loweka magazeti ya zamani usiku kucha, yapange yakiwa yamesimama ndani ya sanduku la mbao lenye kina cha mita moja, yafunge kamba yasilegee. Mbele weka mfupa wa bega la ng'ombe kutoka buchani. Kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa na polisi, fyatua risasi moja ya kila aina kutoka mita 50, kila moja kwenye sehemu yake ya sanduku, kisha fungua kurasa moja baada ya nyingine. Kichwa kizuri utakikuta mbali, mbele kimechanua hadi karibu mara mbili ya kipenyo chake, nyuma kikiwa bado duara na alama za mifuo zikisomeka ubavuni. Kibaya utakikuta kwenye kurasa za mwanzo: kipande cha koti kimekunjika, tupu, na vumbi la kijivu limetapakaa pande zote. Magazeti yaliyolowa si nyama, kwa hiyo kina chake usikichukue kama kina cha pofu. Kazi ya jaribio hili ni kulinganisha boksi hili na lile.

Kipime pia uzito. Hapa Mwanza, mji wa wanunuzi wa dhahabu, mizani ya sonara haikosekani. Greni 180 ni gramu 11.66. Kikibaki na gramu 8.2, kimehifadhi asilimia 70, na hilo ni la kawaida kwa kichwa chenye ukuta wa kati, ambacho chumba chake cha mbele hupotea kwa makusudi. Kilichogandishwa kitarajiwe kubaki na asilimia 80 au zaidi, na shaba tupu karibu yote. Kikirudi na gramu 5, kimwachie anayewinda swala.

Vichwa vigumu visivyofunguka vina kazi yake, lakini si kwa pofu. Vinatoboa tundu jembamba, vinatokea upande wa pili, na kama kuna jike nyuma naye anaumia bila aliyefyatua kujua. Risasi za kijeshi ziko kundi hilo. Azimio la The Hague la 1899 lilizuia vichwa vinavyofunguka vitani, hivyo majeshi hutumia koti kamili. Anayedhani risasi ya jeshi ni kali zaidi kwa mnyama amekosea, mbali na kosa la jinai la kukutwa nayo. Kigumu halali, kile kinene cha .375 au .458 kilichotengenezwa kwa uwindaji, ni cha kiboko anayepigwa kwenye ubongo, na ni risasi ya pili na ya tatu kwa nyati aliyeanza kuondoka akikupa mgongo.

Na kwa kuwa nimemtaja kiboko, niseme neno moja kwa askari na wenye vibali wanaoitwa kwenye vijiji vya ufukweni, Sengerema, Buchosa, Ukerewe na Magu. Risasi inayogonga maji kwa pembe ya chini hairudi chini. Huruka na kuendelea, na kichwa cha bunduki kubwa kinaweza kusafiri kilomita kadhaa. Ng'ambo ya kiboko kuna mitumbwi, kuna wavuvi wa dagaa, kuna kisiwa kingine. Kigumu huruka zaidi ya kinachofunguka. Apigwe akiwa nchi kavu au kutoka mahali pa juu, mpigaji akiangalia chini, nyuma yake kukiwa na udongo. Vinginevyo asipigwe hadi nafasi ipatikane.

Kuhusu vichaka: hakuna kichwa kinachokata matawi na kuendelea kama kawaida. Wapo wanaoamini kizito chenye pua ya duara hakipotei njia. Kinapotea pia, kidogo kuliko chembamba, na tawi likiwa mbali na mnyama upotevu unakua.

Kabla ya safari, bunduki izerowe, yaani darubini irekebishwe hadi risasi ipige pale inapolengwa, kwa boksi lilelile litakalokwenda porini. Kubadili aina ya kichwa, hata uzito ukiwa uleule, kunaweza kusogeza tundu sentimita 5 hadi 10 kwenye mita 100. Anayehama kutoka koti la kawaida kwenda shaba tupu asafishe mtutu kwanza hadi kitambaa kitoke bila rangi ya bluu au kijani, kwa sababu mabaki ya aina ya zamani huvuruga mpya. Kisha asome maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda na yale ya kwenye mtutu, yafanane neno kwa neno. .308 ni fupi na huweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, na ikifyatuliwa humo ganda huweza kupasuka, gesi ikirudi usoni.

Unyevu wa ziwa nao hauna huruma. Risasi zikikaa kwenye mkanda wa ngozi, maganda yake huota kutu ya kijani na huweza kunasa chembani. Zikae kwenye boksi lake, ndani ya kopo la plastiki linalofungwa vizuri, mbali na dashibodi ya gari; joto huongeza msukumo wa baruti na tundu hupanda juu ya pale ulipozero.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni sumu. Kichwa chenye madini ya risasi kikivunjika, chembe zake husambaa mbali na kidonda, nyingine ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Anayetumia vichwa hivyo akate na kutupa nyama kwa upana wa kiganja kamili au zaidi kuzunguka kidonda, asiisage. Utumbo nao uzikwe, maana tumbusi hufika kabla ya fisi, na tumbusi anayemeza chembe hizo hufa polepole. Jimbo la California lilipiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019. Sisi hatujafika huko, lakini mwenye uwezo wa kununua shaba tupu anunue, hasa kama nyama inakwenda mezani kwa familia.

Ombi langu ni kwa wauzaji wenye leseni na kwa wanaotoa vibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mwindaji huulizwa aina ya bunduki na idadi ya risasi. Aulizwe pia uzito na muundo wa kichwa, dhidi ya mnyama aliyeandikwa kwenye leseni yake. Ni maswali mawili tu na hayachukui dakika. Na muuzaji anapompa mteja risasi pungufu ya boksi zima, amnakilie kwenye risiti maelezo ya ubavuni mwa boksi: uzito kwa greni, jina la kichwa, kasi ya mtutuni na namba ya toleo la kiwandani, ili akirudi kununua nyingine apate zilezile alizozero.

Wako,
Msomaji na mwindaji mwenye leseni,
Ilemela, Mwanza